Benki ikipata hasara inapunguziwa kodi, mdhamini akilipa anabaki mikono mitupu

Kuna jambo limenikaa rohoni miaka mingi na leo nataka nilitoe lote, maana kila nikikaa na wafanyabiashara wa huku Busia au wale wa Kikuubo kule Kampala stori inaishia palepale. Mtu alisaini udhamini, mwenye mkopo akashindwa, mdhamini akalipa, na mwisho wa mwaka analeta bahasha ya makaratasi nimtengenezee ritani ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ananyooshea kidole ile risiti ya benki na kuuliza, "sasa hii tunaiweka wapi?" Na mimi sina pa kuiweka. Naitunga ile ritani, kodi inatoka vilevile kama vile mtu hakupoteza kitu, na yeye ananiangalia kama mimi ndo nimemwibia.

Yalinikuta mimi mwenyewe pia. 2019 nilimdhamini rafiki yangu wa duka la vifaa vya ujenzi kwenye SACCO moja, sio mkopo mkubwa sana, na yule jamaa hakuwa mwizi, nasema hivyo hadi leo. Alikuwa anauza saruji na mabati pande zote mbili za mpaka, mwezi wa tatu 2020 korona ikafunga kila kitu, akajikokota, afu 2021 mwezi wa sita ikaja ile lokdauni ya pili ya siku 42 ikammaliza kabisa. SACCO haikupoteza hata siku moja kumtafuta yeye, walichukua akiba yangu milioni 6 na nusu, wakanipa karatasi. Nilipomuuliza mshauri mmoja wa kodi aliyenizidi uzoefu kama naweza kuikata hiyo pesa kwenye mapato yangu ya mwaka ule alinijibu neno moja tu, "hapana". Nikaenda kusoma sheria mwenyewe, na nilichokikuta humo ndo kimenifanya niandike.

Sheria yetu ya kodi ya mapato ina kifungu cha madeni mabovu. Kinasema unaweza kukata deni lililokufa kwenye mapato yako, lakini sio kila deni. Linakubalika kama hiyo pesa unayodai ilishaingizwa kwenye mapato yako na ikatozwa kodi, mfano umeuza mali kwa mkopo ukahesabu ni mauzo halafu mteja akatoroka. Ama linakubalika kama wewe ni taasisi ya fedha uliyekopesha katika kazi yako ya kila siku ya kukopesha. Basi, milango ni hiyo, na kwa taasisi ya fedha sheria inatambua hata ile akiba ya hasara inayotengwa kufuatana na kanuni za mabenki. Mdhamini hayumo. Yeye hakuuza kitu, hajawahi kuingiza ule mkopo kwenye mapato yake, na sio benki. Alichofanya ni kusaini.

Sasa tuliza akili hapa kidogo maana hapa ndo pana uzito wenyewe. Chukua mkopo wa biashara wa milioni 28 uliokufa. Kama hakuna mdhamini, benki inahangaika kulidai, inashindwa, inalifuta, na hiyo milioni 28 inatoka kwenye mapato ya benki yanayotozwa kodi. Kampuni inalipa asilimia 30, kwa hiyo milioni 8 na laki 4 ambazo zingeenda serikalini haziendi. Maana yake serikali imebeba karibu theluthi ya ile hasara, kimya kimya, bila mtu kuandamana. Sasa weka mdhamini katikati. Mdhamini anauza ng'ombe, anauza gari, analipa milioni 28 yote. Benki haina hasara tena, haina cha kufuta, inalipa kodi yake kamili. Hasara haijapotea hewani, imehama tu kutoka benki kwenda kwa mama mmoja wa Tororo, lakini ile nafuu ya kodi iliyokuwa imefungwa kwenye hiyo hasara haikuhama nayo. Imeyeyuka njiani. Yaani hazina ya serikali inatoka vizuri zaidi pale raia anapobeba hasara kuliko pale benki inapoibeba, na hiyo milioni 8.4 inatoka mfukoni kwa nani? Kwa mdhamini, aliyelipa deni ambalo hakula hata shilingi yake moja. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, ila huyu kaletwa matangani na harusini hakuitwa.

Nimewahi kuambiwa kwamba huo ni ujinga wa mdhamini, asingesaini. Nakataa kabisa. Hapa Uganda nani anapata mkopo wa biashara bila kusainiwa? Kama huna kyapa, yaani hati ya shamba, benki haikuangalii mara mbili, na hata ukiwa nayo bado ofisa wa mikopo anataka watu wawili wenye akaunti. Kampuni ndogo ikikopa, benki inawaita madairekta wasaini kila mmoja kwa jina lake, ile kinga ya kampuni tuliyofundishwa shuleni inaishia kwenye meza ya benki. Kwenye SACCO ndo kabisa, akiba ya wanachama wenzako ndo dhamana yako. Na riba zetu za shilingi kwenye mabenki zimekaa pale kwenye asilimia 18 na kuendelea, kwa wakopeshaji binafsi serikali iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi mwaka 2024, piga mwenyewe hesabu ya mwaka mzima, ni asilimia 33.6. Kwa mkopo wa bei hiyo wapo watakaoshindwa hata kama ni wachapakazi, na kila anayeshindwa nyuma yake kuna mtu alimsainia. Biashara ya nchi hii imesimama juu ya mabega ya hawa watu na hakuna anayewahesabu.

Na sheria ya mikataba ya 2010 haiwabembelezi. Mdhamini anadaiwa kadiri ileile mkopaji anavyodaiwa, na mkopaji akishaacha kulipa tu deni la mdhamini limeiva siku hiyohiyo, benki hailazimiki kwanza kumfuata mkopaji mpaka kaburini. Wengi hawalijui hili, wanadhani wamesaini kama shahidi wa tabia njema! Nimeona mzee mmoja anaapa kwamba alidhani anathibitisha tu kuwa anamfahamu kijana.

Sasa nikuonyeshe jinsi hali hii inavyopinda mambo hata kati ya wafanyabiashara wawili waliokaa mlango kwa mlango. Wote wanauza jumla, mauzo yao yamepita milioni 150 kwa mwaka kwa hiyo wanalipa kodi kwa mahesabu kamili, wote ni watu binafsi sio kampuni, na wote faida yao ya mwaka ni milioni 40. Wote wana mteja kule Arua. Wa kwanza alimpa mteja wake mali ya milioni 28 kwa mkopo, akaandika invoisi, akahesabu ni mauzo. Wa pili alikuwa mwangalifu zaidi, akamwambia mteja wake mimi sitoi mali kwa mkopo ila nenda benki kakope, nitakudhamini, uje ulipe keshi. Wateja wote wawili biashara zikafa, kila mfanyabiashara kapoteza milioni 28, tena kwa sababu ileile ya kutaka kuuza mali zaidi Arua. Wa kwanza akifuata taratibu za kudai akashindwa anaikata hasara yake, anabaki na milioni 12 ya kutozwa kodi, kodi yake inakuwa 2,424,000. Wa pili anatozwa kwenye milioni 40 nzima, kodi yake 10,824,000. Tofauti ni milioni 8 na laki 4, ileile namba niliyokupa kwenye mfano wa benki, na kilichowatofautisha hawa wawili ni aina ya karatasi tu.

Ndio, wa pili anaweza kubishana. Kuna kanuni ya jumla kwenye sheria kwamba gharama na hasara ulizoingia ili kutengeneza mapato yanayotozwa kodi zinakatwa, na wakili mzuri anaweza kusimama akasema udhamini ule ulikuwa wa kutafuta mauzo. Lakini sheria hiyohiyo inakataa matumizi ya kimtaji na inakataa ya kifamilia, na udhamini unasukumwa kirahisi sana kwenye mojawapo ya hayo makapu mawili. Halafu kubishana kwenyewe kuna bei, pingamizi una siku 45 uliweke, ukienda mbele kwenye baraza la rufaa za kodi unatakiwa uweke asilimia 30 ya kodi uliyokadiriwa. Mtu aliyetoka kulipa deni la mwenzake milioni 28 hiyo asilimia 30 ataitoa wapi?

Na huyo bado ana nafuu kwa sababu yuko kwenye mahesabu kamili. Wengi hata huo mlango wa kubishana hawaufikii. Mwalimu au nesi aliyemdhamini kaka yake, mshahara wake unakatwa PAYE juu kwa juu, hakuna sehemu ya kuingiza hasara ya udhamini. Mwenye nyumba za kupangisha, tangu Julai 2022 mtu binafsi analipa asilimia 12 ya kodi ya pango yote inayozidi milioni 2 na laki 820 kwa mwaka, haruhusiwi kukata gharama yoyote, hata rangi ya ukuta, sembuse deni la mwingine. Na wenye maduka madogo, mauzo chini ya milioni 150, hao wanatozwa kwenye mauzo. Asiye na mahesabu wa ngazi ya juu analipa laki 9 kwa mwaka awe amepata awe amekosa. Hao ndo wadhamini wa kweli wa nchi hii na mfumo hauna hata jicho la kuwaona.

Kuna kitu kingine kwenye sheria kinaniumiza zaidi nikikisoma. Benki ikimsamehe mfanyabiashara deni la biashara, ule msamaha unahesabika ni mapato ya biashara, anaweza kutozwa kodi juu yake. Nakubali mantiki yake, umepona deni basi umetajirika kwa kiasi hicho. Lakini kama sheria ina macho makali hivyo ya kuona faida kwenye deni lililofutwa, inawezaje kuwa kipofu wa hasara kwenye deni lililolipwa na mtu asiyekopa?

Nchi nyingine walishakaa na swali hili wakalijibu. Uingereza sheria yao ya kodi ya faida za mtaji ya 1992, kifungu cha 253, inamtaja mdhamini waziwazi. Ukidhamini mkopo wa mfanyabiashara, ukalipa, na ile pesa haiwezi kurudi, unaomba ihesabike ni hasara ya mtaji, una miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi uliolipa. Masharti yake yana akili, mkopo uwe umetumika wote kwenye biashara, tena biashara isiwe ya kukopesha pesa, mume na mke hawadhaminiani wakadai nafuu, na kama wewe mwenyewe ndo ulisababisha deni lisilipike hupati kitu. Pesa ikija kurudi baadaye inatozwa. Mwanzoni mkopaji alitakiwa awe mkaazi wa Uingereza, ila mikopo ya kuanzia tarehe 24 Januari 2019 wakaondoa hiyo. Udhaifu wake ni kwamba hasara hiyo wanaikata kwenye faida za mtaji tu, kwa hiyo mdhamini asiye na hisa wala nyumba ya pili ya kuuza anakaa nayo kama hundi isiyokubaliwa na benki yoyote.

Marekani walifika kwa njia ya mahakama. 1956 mahakama yao ya juu kabisa iliamua kesi ya Putnam, wakili wa Des Moines jimbo la Iowa, aliyekuwa amedhamini madeni ya kampuni ya gazeti aliyoianzisha, gazeti likafa akalipa. Mahakama ikasema mdhamini akishalipa anarithi lile deni kutoka kwa mkopeshaji, kwa hiyo hasara yake ni deni bovu, sio hasara ya aina nyingine. Hapo hata mimi nilisimama kidogo nikafikiri, kwa sababu sheria yetu ya mikataba nayo inasema hivyohivyo, mdhamini akilipa anachukua haki alizokuwa nazo benki dhidi ya mkopaji. Kwa sheria ya mikataba ya Uganda mimi nilishakuwa mdai wa yule rafiki yangu tangu siku SACCO ilipochukua akiba yangu. Kwa sheria ya kodi ya Uganda deni hilohilo, likiwa mikononi mwangu, halitambuliki.

Ila Wamarekani pia waliweka ukuta. 1972 kuna kesi ya Generes, mwenye hisa asilimia 44 kwenye kampuni ya ujenzi ya familia, alikuwa anafanya kazi hapo saa 6 mpaka 8 kwa wiki kwa mshahara wa dola 12,000 kwa mwaka na ana kazi nyingine kubwa, akadhamini kampuni na ikamla zaidi ya dola 162,000. Akadai alidhamini ili kulinda mshahara wake. Mahakama ikauliza, kilichokusukuma hasa ni nini, mshahara au hisa zako? Kama lengo kubwa sio biashara au kazi yako basi hasara yako ni ya daraja la chini, unaikata kwenye faida za mtaji na baada ya hapo, kwa kiwango cha siku hizi, dola 3,000 tu kwa mwaka mpaka iishe. Kwa hasara ya 162,000 hesabu mwenyewe miaka.

Nimeyaleta haya sio kwa sababu ya kuiga wazungu, nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha jambo linalofanya kesi yetu iwe rahisi zaidi kuliko yao. Uganda hatujatenganisha kodi ya faida za mtaji na kodi ya biashara. Mfanyabiashara akiuza mali ya biashara kwa faida, ile faida inaingia kwenye kapu lilelile la mapato ya biashara, na akiiuza kwa hasara, hasara inakatwa humohumo hata kama ni ya kimtaji. Kapu ni moja. Kwa hiyo ule ugonjwa wa Uingereza, wa mdhamini kuwa na hasara isiyo na mahali pa kukatwa, kwetu haupo. Sentensi mbili tatu tu kwenye kile kifungu cha madeni mabovu zingetosha, kwamba malipo ya mdhamini kwa mkopo wa biashara, pale haki aliyorithi dhidi ya mkopaji imeshindikana kudaiwa, yahesabike ni deni bovu.

Najua swali linalokuja, nimeshaulizwa na watu wanaoitetea hazina kwa nia njema. Wanasema bana, ukifungua huo mlango kesho ndugu wawili watakaa chini, mmoja akope mwingine adhamini, wagawane pesa, afu mdhamini aende kukata kodi. Hofu hiyo ni ya haki na sitaki kuipuuza, nimekaa kwenye vitabu vya mahesabu vya kutosha kujua watu wanaweza nini. Lakini angalia huo wizi unavyohesabika. Mdhamini wa kawaida akilipa milioni 10 anapata nafuu isiyozidi milioni 3. Ili wafaidike inabidi ile milioni 10 iwe imefichwa mahali na mkopaji, na hapo tayari ni udanganyifu wenye sheria zake. Na zuio linawezekana bila kuumiza wakweli. Nafuu iende tu kwa mikopo ya taasisi zinazosimamiwa, mabenki chini ya Benki Kuu na SACCO na wakopeshaji wenye leseni ya UMRA, ile mamlaka inayosimamia mikopo midogo, sio mkopo wa mdomo wa chini ya mwembe. Benki itoe cheti cha tarehe mkopo ulipotolewa, ulikuwa wa biashara gani, mdhamini alilipa kiasi gani. TIN ya mkopaji iandikwe kwenye dai, kwa sababu kama huyo mkopaji bado ana duka lingine linalotoa kila siku risiti za EFRIS, ule mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, URA wenyewe wataliona. Mume na mke watoke. Na nyongeza yangu mimi, hasara igawanywe kwa miaka, tuseme isizidi nusu ya mapato ya mwaka mmoja na inayobaki ivuke mwaka unaofuata, ili hazina isipate mshtuko na ili asije mtu na hasara ya mabilioni akafuta kodi yake yote kwa mkupuo. Kuvusha hasara sio jambo geni, sheria inaruhusu, japo tangu 2023 ukishavusha miaka saba mfululizo unaruhusiwa nusu tu.

Kuna hoja nyingine kwamba serikali haina pesa, kodi yetu yote ukilinganisha na pato la nchi iko chini, asilimia 13 au 14 hivi, kila nafuu mpya ni shimo. Jibu langu ni lile la mwanzo. Hiyo pesa hazina ingeikosa vilevile kama benki ndo ingekula hasara. Haiombwi kutoa kitu kipya, inaombwa isivune faida kutokana na ukweli kwamba mtu mnyonge alisimama mahali pa benki.

Kwenye SACCO mambo ni tofauti kidogo na nisiwe mtu wa kuficha. SACCO zimesamehewa kodi ya mapato mpaka Juni 2027, kwa hiyo SACCO ikila hasara hazina haipotezi kitu, na ile hoja yangu ya hasara kuhama haishiki vizuri hapo. Hata kesi yangu mwenyewe ni ya SACCO. Lakini mimi mwanachama silipi kodi kama SACCO, nalipa kama mtu, na hasara ilitua kwangu mimi ninayetozwa. Labda kwa SACCO nafuu iwe ndogo zaidi, nipo tayari kukubali hilo kwenye meza ya mazungumzo.

Kwa wenye maduka madogo sioni njia nzuri ya kuwapa nafuu ndani ya kodi ya mauzo, viwango vyenyewe ni vidogo, ukimpunguzia mtu kwenye laki 4 umempunguzia nini. Ila wengi hawajui kwamba sheria inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuandika barua kwa kamishna akachagua kutozwa kwa mahesabu kamili badala ya mauzo. Kama nafuu ya mdhamini ingekuwepo, mtu aliyepigwa na deni kubwa angekuwa na sababu ya kweli ya kuanza kuweka vitabu, kitu ambacho URA wanakililia kila siku kwenye redio.

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, wale mnaonitafuta nawaambia hivi. Kama ni mteja wako na biashara yako inaweza kubeba, afadhali umuuzie kwa invoisi yenye tarehe na uhesabu ni mauzo kuliko kumsainia benki, maana deni la invoisi sheria inalijua. Kama lazima udhamini, andikianeni kwamba unalipwa ada ya udhamini, hata asilimia moja au mbili, na hiyo ada iingize kwenye ritani yako kila mwaka ulipe kodi yake, kwa sababu siku mambo yakiharibika utakuwa na cha kusema, kwamba udhamini ule ulikuwa unakuingizia mapato yanayotozwa kodi. Sikuahidi kwamba utashinda, ila unasimama mahali pazuri kuliko aliyesaini kwa undugu. Weka kikomo cha kiasi kwenye karatasi ya udhamini, usisaini ile ya "madeni yote ya sasa na ya baadaye", hiyo nimeona imeuza nyumba. Ukishalipa, usiondoke benki bila barua inayosema umelipa kama mdhamini, na mwandikie mkopaji barua ya kumdai hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Najua ni ngumu. Mimi mwenyewe kumwandikia yule rafiki yangu ilinichukua wiki tatu, na nilipompelekea mkononi alinikaribisha chai kwanza ndipo akaisoma, akasaini kwamba ameipokea.

Marekebisho ya sheria za kodi yanapelekwa bungeni kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, miezi ya mwanzoni mwa mwaka kamati ya fedha inapokea maoni ya watu. Wahasibu wanaenda, mabenki yanaenda na mawakili wao, wafanyabiashara wa Kampala nao siku hizi wanasikika, tuliwaona Aprili 2024 walivyofunga maduka kwa ajili ya EFRIS. Wadhamini hawana chama. Hawajuani hata wao kwa wao, kila mmoja amekaa kwake na aibu yake akidhani ni bahati mbaya yake peke yake. Mimi nimeanza kuandika ukurasa mmoja na nusu wa kuipelekea hiyo kamati, mifano miwili ya Arua niliyokupa hapo juu iko ndani, na yeyote mwenye karatasi yake ya benki, ile inayosema alilipa kama mdhamini, akikubali nitaiambatanisha bila jina lake. Zangu mbili nimeshaziweka, ile ya SACCO na ile barua yenye saini ya rafiki yangu.